Jioni ya Ramadhani pacha wangu alipotetemeka darajani

Kundi letu la mazoezi la Msasani, Dar es Salaam, lilikuwa na utaratibu mmoja ambao mpaka leo naupenda kuliko yote, kila mtu alikuwa na pacha. Pacha maana yake mtu wako, ukichelewa asubuhi yeye ndo anakuja kugonga dirisha, usipotokea kabisa bila taarifa mnalipa wote wawili, wewe buku, yaani shilingi elfu moja, na yeye buku, hela inaingia kwenye kibubu cha kundi. Na mchana unapiga picha sahani yako unatuma kwenye grupu la WhatsApp, nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali au wali, robo nyingine maharage au samaki, kama wanavyofundisha kliniki. Pacha wako anaiangalia kwanza kabla ya watu wengine, na kama umejaza wali anakwambia palepale.

Kundi lenyewe lina historia, wenzetu wa mwanzo walianza kukimbia pamoja kwenye zile Jumamosi za pili za mwezi, zile ambazo Mama Samia akiwa bado Makamu wa Rais alizitangaza Desemba 2016 kuwa siku za mazoezi nchi nzima. Wengi walikimbia miezi miwili mitatu wakaacha, ila hawa wa kwetu waligoma kuacha, wakatoka kwenye mara moja kwa mwezi wakafika kila siku, na mimi nilipoingia nikakuta mambo yameshanyooka.

Pacha wangu alikuwa mzee mmoja wa miaka sitini na kitu, zamani alikuwa mvuvi, siku hizo anauza vifaa vya uvuvi, nyavu na ndoano. Mi nilikuwa namwita mjomba, yeye ananiita bwana mdogo. Hatukuwa na undugu wowote, walitupanga tu kwa sababu nyumba zetu zimekaribiana. Lakini ukiamka na mtu kila siku gizani mkatembea naye mpaka Coco Beach na kurudi unamzoea, unajua goti lipi linamsumbua, unajua mtoto gani hajapiga simu, unajua hata akiwa na hasira anatembea vipi. Mi nilidhani namjua yote.

Sasa Ramadhani ya 2023 ilipoingia, mwishoni mwa mwezi wa tatu, tulikaa tukakubaliana kwamba mazoezi hayasimami ila muda unabadilika, badala ya alfajiri tunatembea jioni, tunatoka kama saa kumi na moja tunapita barabara ya Haile Selassie tunashuka Coco tunapanda daraja la Tanzanite kidogo, halafu tunageuza ili adhana ya magharibi itukute karibu na nyumbani. Hata wenzetu Wakristo walikubali muda huohuo, kuna dada mmoja Mchaga alikuwa hanywi maji mbele yetu njia nzima japo hakuna aliyemwambia asinywe, na siku za futari ya pamoja anakuja na ndizi zake. Na futari ndo ilikuwa vita yenyewe. Watu hawajui, mtu anaweza kufunga mwezi mzima akaongezeka kilo, kwa sababu jioni kuna viazi vya nazi, magimbi, tambi za sukari, kaimati, sambusa, vibibi, na mwili umeshinda njaa kama saa 13 unataka kila kitu kwa pamoja. Tukawekeana kwamba tunaanza na tende na uji, tunaswali, ndo tunarudi mezani, na kaimati ni za kuonja sio za kushiba. Picha za futari zikawa zinaingia kwenye grupu kila jioni.

Ile siku ilikuwa wiki ya pili. Mvua za masika zilikuwa zimenyesha asubuhi zikaacha, jioni hewa nzito, joto la Dar lile la kubana. Mjomba alitoka kwake amenyamaza. Nikamuuliza mjomba vipi leo, akasema nipo bwana mdogo, twende. Njiani akawa nyuma nyuma, mimi napunguza mwendo namsubiri, ananiambia usinisubiri, namsubiri tu. Tulipofika Coco wale wauza mihogo wameshawasha moto, watu wamepanga foleni wanabeba ya futari, harufu imejaa barabara yote, sisi tunapita. Tulivyoanza kupanda daraja akasimama akashika ukingo.

Nilidhani ameangalia bahari. Kumbe mikono inamtetemeka. Nilivyomsogelea nikaona shati limelowa jasho, na ukimshika ngozi ni ya baridi, jasho la baridi kwenye joto lile. Nikamuuliza mjomba unaumwa, akanijibu kitu hakieleweki, akataja jina la mtu ambaye hayupo, halafu akakasirika, akaniambia niache, na yule mzee hajawahi kunikaripia hata siku moja.

Mama mmoja wa kundi, mama mtu mzima ambaye mume wake alikuwa na kisukari miaka mingi mpaka Mungu akamchukua, alikuwa mbele yetu akageuka. Alimwangalia mara moja tu. Akasema huyu sukari imeshuka, huyu anatumia dawa za sukari, nani anajua kama anatumia dawa? Watu wote wakaniangalia mimi kwa sababu mimi ndo pacha wake. Na mimi sijui. Tumetembea pamoja muda wote ule na sijui.

Yule mama alikuwa na kimfuko cha tende kwenye mkoba, za kufungulia kama adhana ingetukuta njiani. Akatoa akamwekea mkononi, mjomba akafunga mdomo. Akatikisa kichwa. Ilikuwa imebaki kama nusu saa magharibi ifike, jua tunaliona liko chini kabisa, na mzee anasema bado kidogo tu, bado kidogo, nimeshafika huku nimalizie. Hapo nilielewa kitu gani kinamuumiza, kwamba mtu ameshinda toka daku, amevumilia joto lote lile, sasa anaambiwa aachie mwishoni mbele ya watu.

Fundi wetu, fundi cherehani ambaye ndo kiongozi wa kundi na ni mtu wa msikitini hasa, alichuchumaa mbele yake. Hakupiga kelele. Alimwambia mzee wangu, ruhusa ya mgonjwa ameitoa Mwenyezi Mungu mwenyewe ndani ya Qurani, hatujaitoa sisi, leo unakula kwa amri yake na siku hii utailipa ukipata nafuu. Halafu akamwambia Bismillah, akamlisha tende ya kwanza kwa mkono wake. Mzee akatafuna huku machozi yanamtoka. Wakati huo kijana mmoja ameshashuka mbio Coco akarudi na soda, ya kawaida yenye sukari, tukamnywesha taratibu nusu chupa tukakaa naye chini pembeni ya njia ya waenda kwa miguu. Magari yanapita, wakimbiaji wengine wanatupita wanauliza kuna nini. Baada ya kama robo saa mikono ikatulia, akatuangalia mmoja mmoja kama ndo anatuona, akaniambia bwana mdogo umefungua? Nikamwambia bado mjomba. Akasema basi twende usije ukafungulia barabarani.

Tulipanda naye bajaji mpaka duka la dawa, wakampima sukari, ikasoma 4.8, mdada wa pale dukani akasema hapo imeshapanda baada ya soda, na kwamba mtu wa sukari ikishuka chini ya 3.9 anafungua palepale hata kama adhana imebaki dakika moja. Akamuuliza dawa gani anatumia, akaitaja, kumbe ni ile ya glibenclamide, na yule mdada akashtuka, akasema dawa hii inashusha sukari hata kama hujala, ulipaswa kumuona daktari kabla ya mwezi kuanza. Kumbe anatumia mwaka wa pili.

Usiku baada ya tarawehe nilimfuata kwake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, na kwa nini alitoka wakati anajisikia vibaya toka saa tisa. Akanijibu, bwana mdogo, ningekaa ndani wangekutoza wewe buku.

Lile jibu liliniumiza na bado linaniuma. Buku! Utaratibu ambao tuliuweka ili tushikane mikono ndo uliomtoa mzee nyumbani akiwa mgonjwa, kwa sababu alinipenda. Kesho yake niliomba kikao, tukakaa kwenye baraza la fundi, nikasema mbele ya wote kwamba pacha anayejua umeamka saa ngapi lakini hajui unaumwa nini huyo bado sio pacha. Tukafuta faini kwa mtu yeyote anayesema sijisikii vizuri, bila maswali. Matembezi yakahamia usiku baada ya tarawehe, watu wameshakula na kunywa maji. Na kila mtu akamwambia pacha wake ugonjwa wake na dawa zake. Pale ndo tulijua nani ana presha, nani ana pumu, dada mmoja alikuwa mjamzito hakuna anayejua.

Mjomba alienda kliniki, daktari akamwambia mwaka huo asifunge tena mpaka wamrekebishie dawa. Kilichokuwa kigumu kwake ni kula mchana. Alikuwa anaona aibu kula mbele ya wajukuu waliofunga, akawa anaruka mlo, na kuruka mlo na dawa ile ni hatari ileile. Basi nikawa naenda kwake saa saba mchana, mimi nimefunga, nakaa naye chumba cha uani mlango umerudishwa, yeye anakula ugali wa dona na mchicha na kipande cha samaki, mimi namtazama mpaka amalize, napiga picha sahani iliyoisha. Siku za kwanza alikuwa anakula kainamisha kichwa. Baadaye akaanza kunisimulia habari za bahari huku anakula, mara nyingi anachelewa kumaliza kwa sababu ya maneno, namwambia mjomba kula kwanza.

Sasa hivi dawa amebadilishiwa na mashine ya kupimia tumemnunulia kwa hela ya kibubu. Mwaka uliofuata walitaka kupanga mapacha upya ili watu wazoeane, mjomba akasema wengine wapangeni mnavyotaka, huyu wangu mniachie.