Maswali ya Kazi Kwenye Fomu ya DS-260, kwa Sisi wa Kigoma

Maswali ya kazi katika fomu ya DS-260, ambayo ndiyo fomu ya maombi ya viza ya kuhamia Marekani moja kwa moja, yametungwa kana kwamba kila mfanyakazi duniani ana mwajiri mwenye ofisi, namba ya simu na msimamizi anayejulikana kwa majina yote mawili. Hapa Kigoma, ambako huwa ninawasaidia ndugu na majirani kuijaza, watu wa namna hiyo ni wachache. Waliopo ni wavuvi, wachuuzi wa migebuka, mafundi cherehani wa Mwanga, waendesha bodaboda, na vijana waliohama kutoka mkataba mmoja mfupi hadi mwingine katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta. Sheria za nani anapewa viza na nani ananyimwa hubadilika kila mara, nami sizigusi leo. Ninazungumzia kurasa za kazi peke yake, ambazo naamini kila mmoja wa watu hawa anaweza kuzijaza vizuri bila kutia chumvi, endapo tu ataacha kuionea haya kazi yake.

Mama mmoja wa Kibirizi aliombewa viza na mwanawe ambaye ni raia wa Marekani. Nilipomuuliza anafanya kazi gani alinijibu, "Mwanangu, mimi kazi sina, nahangaika na dagaa tu." Huko kuhangaika ni kununua dagaa alfajiri mitumbwi inaporudi, kuanika, kufungasha magunia na kuyapeleka stesheni yasafirishwe hadi Tabora, na ameifanya shughuli hiyo tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi. Angejaza kwamba hana kazi, angekuwa amesema uongo bila kukusudia. Binti yake naye alitaka tuandike kwamba mama ni mkurugenzi wa kampuni ya samaki, jambo nililolikataa, kwa sababu afisa wa ubalozi pale Dar es Salaam ana haki ya kumuuliza kampuni hiyo imesajiliwa wapi na ina wafanyakazi wangapi. Tuliandika kwamba shughuli yake kuu ni biashara, kwamba amejiajiri, na kwamba ananunua, anakausha na kuuza dagaa kwa jumla. Mahali pa mwajiri pakakaa jina lake mwenyewe. Kwenye anwani hatukutegemea sanduku la posta. Tuliandika mtaa na postikodi, ambayo kwa mkoa wetu huanza na 47.

Wavuvi huniuliza kuhusu miezi ambayo hawaingii majini. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mbalamwezi ikiwa kali kazi husimama, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Mapumziko ya namna hiyo hayamfanyi mtu kuwa ameacha kazi, sawa na mwalimu asivyoacha ualimu shule zinapofungwa. Tarehe ya kuanza inabaki ileile, na maelezo mafupi kwamba kazi ni ya msimu yanatosha.

Ugumu zaidi uko kwa vijana wa mikataba. Fomu inataka ajira za miaka kumi iliyopita, kila moja ikiwa na tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, cheo na majukumu. Kijana aliyefanya miezi sita katika shirika moja, akakaa nyumbani, kisha akachukuliwa na shirika jingine ambalo leo limefunga ofisi zake Kasulu, hushawishika kuziunganisha ajira hizo mbili ili pengo lisionekane. Ni ushauri mbaya, ingawa nimesikia ukitolewa kwa kujiamini sana. Anayeombewa na mume au mke huwa tayari amejaza fomu ya I-130A, inayouliza ajira za miaka mitano, na afisa huwa na karatasi zote mbili mbele yake. Kukaa bila ajira hakumnyimi mtu viza. Kudanganya kwa makusudi juu ya jambo la msingi, kwa upande mwingine, kunaweza kumfungia mtu mlango wa Marekani maisha yake yote, isipokuwa apate msamaha maalumu. Kwa hiyo tafuteni mikataba ya zamani, hati za mishahara na taarifa za michango ya NSSF kabla ya kufungua kompyuta, kwa maana kumbukumbu ya kichwani huchanganya miaka.

Katika sehemu hiyohiyo yamo maswali ambayo wengi huyapita haraka wakibonyeza "hapana" mfululizo. Fomu inauliza kama umewahi kutumikia jeshi, kama umewahi kuwa katika kikundi chenye sura ya kijeshi, na kama una mafunzo maalumu, yakiwemo ya silaha za moto. Aliyemaliza kidato cha sita akapelekwa JKT Bulombora alishika bunduki na kufundishwa kulenga shabaha. Aliyepitia mgambo naye ana la kusema. Maoni yangu ni kwamba mambo haya yaelezwe wazi: yalikuwa mafunzo gani, wapi, kwa muda gani, na kwamba huendeshwa na serikali. Jibu la "ndiyo" lenye maelezo halina ubaya wowote, ilhali "hapana" hugeuka tatizo pale picha ya kombati inapoonekana mtandaoni. Wanauliza pia kabila, swali ambalo sensa zetu wenyewe haziulizi. Muha aandike Muha, aendelee.

Majibu yote huandikwa kwa Kiingereza, ndiyo maana wengi hutafuta mtu wa kuwajazia, na fomu inauliza waziwazi kama kuna aliyekusaidia. Wapo wanaotoza pesa kwa kazi hii ambao humwelekeza mteja ajibu kwamba amejaza peke yake. Msikubali. Mimi huandika jina langu na anwani yangu, kisha humsomea mwombaji kila mstari kwa Kiswahili kabla hajasaini, kwa kuwa atakayeapishwa siku ya usaili ni yeye. Tukishaituma hatuwezi tena kuifungua na kurekebisha wenyewe, hivyo nakala ya majibu yote huchapishwa kabla ya kutuma, pamoja na ukurasa wa uthibitisho baada ya kutuma, na huo ndio anaopaswa kwenda nao Dar es Salaam.