Pijo 404 ya Babu, Mwezi wa Kumi na Nne: Injini Imerudi Mahali Pake

Jumapili iliyopita injini ya Peugeot 404 ya mwaka 1967, gari niliyoachiwa na babu mzaa mama, ilishushwa tena mahali pake baada ya kukaa kwenye meza ya gereji kwa miezi saba. Ninaandika kumbukumbu hii mapema, kabla vipimo na hatua havijanitoka kichwani, kwa kuwa niliyojifunza safari hii kuhusu slivu (mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka) na difu (gia za ekseli ya nyuma) yamenigharimu fedha na usingizi, na mwenzangu yeyote anayefufua Pijo ya aina hii atakutana nayo.

Kwa ambaye hakusoma kumbukumbu zangu za mwanzo, babu aliinunua gari hii ikiwa imekwisha kutumika, katika mnada wa shamba la mkonge upande wa Korogwe, akaiendesha kwa miaka mingi, kisha mjomba akaifanya teksi hapa Tanga mpaka ilipogoma na kuegeshwa chini ya mwembe. Miaka kumi na tisa ya upepo wa bahari iliila pole pole. Hata hivyo umbo lake lilikuwa limesimama, lile umbo la mistari iliyonyooka na mapezi madogo nyuma ambalo Pininfarina aliichorea kampuni ya Peugeot, likaonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1960. Wazee wa huku hawahitaji kuelezwa 404 ni gari gani. Ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na katika mwaka wa kwanza na wa mwisho kati ya hiyo ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva wa hapa hapa Tanzania, na babu alikuwa akilitaja jina hilo kila mtu alipoisifia gari yake.

Ushauri niliopewa mara nyingi kuliko mwingine wowote ni kuitupa injini ya Kifaransa na kufunga ya Toyota. Siwadharau waliosema hivyo, kwa sababu wengi wao ni mafundi wanaoishi kwa kazi hiyo, na spea za Toyota zinapatikana kila mtaa, wakati za 404 nimezitafuta Gerezani, Dar es Salaam, nikazikosa, mpaka nikaagiza Nairobi, Barabara ya Kirinyaga. Lakini 404 haikuundwa ili ibadilishwe moyo kirahisi. Propela shafti yake, yaani fimbo inayopeleka mzunguko wa injini nyuma, imo ndani ya bomba la chuma lililofungwa kwa bolti nyuma ya giaboksi, na nguvu yote ya magurudumu ya nyuma kuisukuma gari mbele hupita katika bomba hilo. Ukiondoa injini na giaboksi yake, unalazimika kuondoa bomba, ukiondoa bomba unalazimika kubadili na ekseli ya nyuma pamoja na namna inavyoshikwa na bodi, na mwisho unabaki na ganda la 404 lililovalishwa gari jingine. Mimi nilitaka gari ya babu.

Kazi ya bodi imekwenda vizuri, na sitaieleza kwa urefu. Fundi bodi alikwangua puti nene kama kidole gumba chini ya milango, akakuta hakuna bati nyuma yake, akakata na kuchomelea bati jipya pande zote mbili na sehemu ya sakafu upande wa dereva. Kwa vyuma vidogo, yaani bawaba, vishikizo na rimu tano, tulitumia molasi, ambayo hapa huuzwa kwa wafugaji kwa ajili ya ng'ombe. Katika pipa la lita 200 tulichanganya lita 20 za molasi na lita 180 za maji, tukavizamisha vyuma kwa wiki mbili hadi tatu, kisha tukavisuuza kwa maji ya nguvu na kuvipaka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Kutu inatoka yote bila kukwangua chuma kizima kilicho chini yake. Pipa lifunikwe, maana nyuki watakuja, na kisiingizwe kitu chochote cha alumini, kwa kuwa maji hayo huila.

Sasa nije kwenye injini. Ni ya sentimita za ujazo 1,618, silinda nne, kipenyo milimita 84 na mwendo wa pistoni milimita 73, nayo imelazwa kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Tulipofungua kizibo cha chini, oili ilitoka ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, na hiyo ilikuwa dalili ya wazi kwamba maji yameingia kwenye oili. Slivu za injini hii hazikubanwa ndani ya bloku. Zimesimama zenyewe katikati ya maji ya kupoozea, kila moja imekalia ukingo mdogo chini yake, na kinachozuia maji yasishuke kwenye oili ni gasketi nyembamba iliyo katika ukingo huo, huku juu zikikandamizwa na silinda hedi. Gasketi hizo zikichoka, maji hushuka kimya kimya, na mtu anaweza kubadilisha gasketi ya hedi mara tatu akishangaa kwa nini tatizo haliondoki. Nadhani ndicho kilichomfika mjomba, kwa sababu hedi ilikuwa na alama za kufunguliwa mara nyingi, ilhali chini ya slivu kulikuwa na matope ya miaka.

Nilinunua slivu na pistoni mpya za kipimo cha kiwandani pamoja na gasketi za unene mbalimbali. Unene huo una kazi yake, kwa kuwa slivu lazima ichomoze kidogo sana juu ya uso wa bloku ili hedi iishike, na zote nne zichomoze kwa kiasi kinacholingana. Mzee wangu wa gereji alisafisha viti vya slivu kwa mkono kwa siku nzima, akapima kwa saa ya kupimia, akabadilisha gasketi mbili, akapima tena. Tukaziingiza slivu na pistoni, tukafunga mikono ya pistoni kwenye krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, akaenda nyumbani kuswali magharibi.

Nilibaki peke yangu, na hamu ikanishinda. Nilitaka kuziona pistoni zikipanda na kushuka, nikaishika krenki nikaizungusha. Slivu ya pili na ya tatu zikapanda pamoja na pistoni zake, zikatoka kwenye viti vyake, na nilipozirudisha nilijua kwamba gasketi za chini zimekwisha kukunjika. Asubuhi nilimwamkia Mzee, nikamweleza lote bila kuficha. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, slivu hizi hazina mwenyewe mpaka hedi ikae juu yake." Akakata vipande vinne vifupi vya bomba, akavipitishia bolti na washa pana, akanionyesha jinsi washa hizo zinavyokanyaga kingo za slivu mbili mbili ili krenki izungushwe bila chochote kunyanyuka. Gasketi nyingine zilichukua wiki tatu kufika kutoka Nairobi. Vibano vile vinne sasa vinaning'inia ukutani juu ya meza yangu ya kazi, na mwenzangu wa Tanga anayevihitaji aje avichukue, atavirudisha akimaliza.

Difu ilikuwa na habari yake. Haitumii pinioni na krauni, yaani gia ndogo na kubwa za chuma kwa chuma, kama magari mengi, bali parafujo ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi, na ndiyo sababu 404 nzima inatembea kimya upande wa nyuma. Oili niliyoikuta humo ilikuwa ya kawaida ya difu, ile yenye viambato vya salfa vya kuvumilia mgandamizo mkubwa. Viambato hivyo huzilinda gia za chuma, lakini salfa huidhuru shaba, na oili ilipomwagwa kwenye beseni ilimetameta kwa unga wa rangi ya dhahabu. Meno ya gurudumu bado yana mwili wa kutosha. Tumesafisha, tumebadilisha sili mbili, na tumejaza oili isiyo na salfa kabisa, ambayo kuipata kulihitaji subira kwa sababu wauzaji wengi wanaamini kwamba oili ya difu ni moja tu. Kama una 404, tafadhali ifungue difu yako wiki hii uangalie.

Kuhusu mabadiliko, nimejizuia sana. Dainamo ya kuzalisha umeme imetoka, alternata yenye nguvu zaidi ikaingia, kwa sababu ninataka taa zisififie gari ikiwa kwenye foleni usiku. Nimefunga mikanda ya viti vya mbele, ambayo gari haikuwa nayo. Breki zimebaki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, zikiwa na silinda na mipira mipya. Taa za ziada za mbele na maandishi ya mashindano nilivifikiria kwa muda, nikaviacha, kwa kuwa gari hii haikushindana popote zaidi ya kuwahi sokoni Korogwe kabla ya mvua. Rangi itakuwa ile ile ya kijivu tuliyoikuta chini ya rangi ya teksi, ndani ya kisanduku cha glavu.

Jumapili tuliweka nafasi za valvu injini ikiwa baridi, milimita 0.10 za kuingiza na 0.25 za kutolea moshi, tukamimina lita nne za oili, tukaiacha petroli ifike kwenye kabureta. Mjomba alikuja na hendeli ya babu, ile inayopita katika tundu la bampa, akaomba aizungushe yeye. Mzunguko wa tano ikawaka. Iliunguruma kwa dakika ishirini, mshale wa joto ukasimama katikati, na oili niliyoipima jioni ilikuwa safi.

Kilichobaki ni feni. Ya 404 ina sumaku ya umeme inayoishika maji yanapopata joto na kuiachia yanapopoa, lakini mtu zamani alikaza skrubu zake tatu ili izunguke wakati wote, na kaboni ya kupeleka umeme kwenye sumaku haipo. Mpaka niipate itazunguka hivyo hivyo. Jumamosi tunakaza upya bolti za hedi, kisha mjomba ataiendesha mpaka Pongwe na kurudi, mimi nikiwa pembeni yake na galoni ya maji miguuni.