Sukari ya Mgeni

Masika ya 1998 yalitukuta bado tumelowa mvua za El Nino, na pale Pasua, Moshi, mkaa mkavu ulikuwa hadithi. Nilikuwa na miaka 12, darasa la sita, na kila asubuhi nilimchoma Mama sindano ya insulini.

Ilikuwa kazi yangu kwa sababu kisukari kilishamfika machoni, vile vistari vya bomba hakuviona tena. Kichupa tulikiweka kwenye chungu kidogo, chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga wa mtoni niliounyunyizia maji asubuhi na jioni. (Jirani mwenye friji aliwahi kujitolea kutuwekea. Akaitia kwenye friza. Ikaganda, tukaitupa, na nani angemlaumu mtu aliyetaka kututendea wema?) Nilikiviringisha viganjani taratibu, bila kukitikisa, mpaka dawa ifanane na maziwa, nikavuta yuniti 20, nikagonga bomba kwa ukucha ili viputo vipande juu, halafu nikamuuliza, "Leo paja lipi?" Mama aliniita daktari wake. Jina hilo lilinipanda kichwani.

Nesi wa kliniki alitufundisha mambo mawili. La kwanza, sukari kwa Mama ni mwiko. Hilo nililishika kama katekisimu: sukari yote ya ndani niliigawa kwa majirani, kopo lake nikalitia chumvi. La pili, akishachomwa ale ndani ya nusu saa, la sivyo sukari ya mwilini itashuka, na ikishuka sana haimsubiri mtu. Hilo nalo nililisikia, ila kwa sikio moja.

Asubuhi ile nilimchoma kwanza, ndipo nikawasha jiko. Mkaa ukafuka moshi tu. Nilipepea kwa jalada la daftari mpaka macho yakanitoka machozi, na saa moja na nusu ilikuwa inakaribia. Shuleni kwetu mchelewaji alikula fimbo nne bila kuulizwa ametoka wapi. Nikabandika uji wa ulezi, nikamwambia ukichemka anywe.

"Nenda, baba. Nitakunywa."

Nilikuwa nimeshaliona geti la shule niliposimama. Wala sikuwa na maono yoyote. Nilikumbuka tu kwamba ule mkaa haukuwa na wekundu hata kidogo.

Nilimkuta ameketi kitandani, kanga imelowa jasho chapachapa, vidole vinatetemeka. Akaniita kwa jina la kaka yake, akaniuliza kama nimeshawakatia mbuzi majani. Mbuzi wa Kibosho, wa utoto wake! Uji jikoni ulikuwa maji ya vuguvugu, unga umetuama chini.

Nikarukia kopo la sukari. Chumvi.

Mangi wa dukani alinitazama juu ya mizani. "Robo ya sukari? Ya nani?" Mtaa mzima ulijua habari zetu. "Mama yako anaumwa sukari, na wewe unampelekea sukari. Unataka kumuua?"

Ningeanzia wapi kumweleza? Kwamba anayeumwa sukari anaweza kufa kwa kukosa sukari?

"Ya mgeni," nikasema. "Tuna mgeni kutoka Arusha."

Akapima. Akapunguza kijiko, akaongeza nusu kijiko, akafunga kwenye gazeti, akatafuta kalamu ya kuandikia deni. Sijawahi kumchukia mtu mwema namna ile.

Nikakoroga vijiko vinne kwenye kikombe cha maji. Bahati yangu, kumeza alikuwa bado anaweza. Nusu ilimmwagikia kifuani, nusu ikaingia. Nikamshikilia kichwa, sijui muda gani, labda robo saa, mpaka habari za mbuzi zikaisha. Akajifuta uso, akaitazama sare yangu.

"Baba, mbona hujaenda shule?"

Nilimwambia yote, la mkaa, la chumvi, la mgeni. Kwenye mgeni akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilitoka nje, nikaenda kuumwagilia mchanga maji, ingawa nilikuwa nimeshaumwagilia.

Jioni Mangi akapita. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akichungulia kiheshima, akauliza mgeni wetu anaendeleaje.

"Ameshaondoka," Mama akamjibu. "Alikuwa na haraka."