Nilinunua mashine ya mkate ili nibane matumizi

Pembeni ya friji yetu kuna daftari limefungwa kwa uzi, na uzi umefungwa kalamu ya bluu ambayo kila mtu humu ndani ameshaitafuna. Kila mkate unaotoka kwenye mashine unaandikwa humo. Namba yake, unga gramu ngapi, umeumuka au umegoma, na nani kaula. Nilianzisha hilo daftari kwa kiburi tu, nilitaka nimwoneshe mwenzangu kwamba mashine itajilipa yenyewe ndani ya miezi michache, maana siku naileta nyumbani aliiangalia akasema hilo dude litakaa juu ya kabati pamoja na ile mashine ya juisi. Sasa nimeamua kuandika daftari lilichosema, maana nimeulizwa mara nyingi "eti ni kweli mkate wa nyumbani ni rahisi zaidi" na kila nikianza kujibu najikuta naongea nusu saa.

Jibu fupi ni ndio, mkate mmoja mmoja ni rahisi. Jibu refu ndo tatizo lilipo.

Tuanze na kilichomo. Mkate wangu wa kila siku ni unga wa ngano gramu 500, maji mililita 320, chumvi gramu 9, sukari kijiko kimoja kikubwa, mafuta gramu 20 hivi na hamira gramu 5. Ukijumlisha unapata karibu gramu 870, ila ukitoka na kupoa nikiuweka kwenye mizani unasoma kama 770, hizo mia zingine zimeondoka na mvuke. Kwa hiyo mtu akikwambia linganisha mkate na mkate mkatalie, linganisha kilo na kilo, maana mkate wa dukani una uzito wake umeandikwa kwenye mfuko na saa ingine ni nusu ya huu wako. Mimi kwanza nililinganisha kijinga hivyo hivyo nikadhani mashine inanila, kumbe nilikuwa naweka mkate wa gramu 400 upande mmoja na wa 770 upande wa pili.

Unga ndo unachukua pesa karibu yote. Umeme watu wanauogopa bure. Nilichomeka kile kidude cha kupimia umeme kati ya plagi na mashine, programu nzima ya saa tatu na nusu ikala kama 0.4 ya uniti. Sababu ni kwamba muda mwingi mashine haichomi kitu, inakanda, inapumzika, inakanda tena, inaacha donge liumuke, afu lile koili la wati 600 hivi linafanya kazi kweli kweli saa moja tu ya mwisho na hapo napo linawaka na kuzima. Oveni ya kawaida yenye wati 2000 na zaidi, ukihesabu na muda wa kuipasha moto, inaweza kula mara tatu ya hapo kwa mkate mmoja kwa sababu unapasha moto sanduku zima kisa kitu kidogo kilichokaa katikati.

Hamira sasa. Kama unanunua vile vipakti vidogo unaibiwa mchana kweupe, gramu kwa gramu vinakuwa ghali mara kadhaa kuliko pakiti kubwa. Pakiti ya gramu 500 kwa gramu 5 kila mkate ni mikate 100, unaimimina kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, unaiweka kwenye friza na unachota ukiwa unahitaji, inakaa miezi na miezi. Hili peke yake lilibadilisha hesabu yangu kuliko kitu kingine chochote nilichofanya.

Kuna gharama nyingine ambayo hakuna anayeiandika, mikate iliyoharibika. Mwezi wa kwanza niliharibu minne kati ya kumi na mbili. Miwili ilikuwa mizito kama tofali kwa sababu nilikuwa napima unga kwa kikombe, na kikombe cha unga kinaweza kuwa gramu 120 ukiunyunyiza taratibu au 150 ukichota na kushindilia, sasa zidisha mara nne uone, unakuta umezidisha unga gramu mia na maji ni yale yale. Nilinunua mizani ya jikoni na tofali zikaisha siku hiyo hiyo. Wa tatu nilisahau chumvi. Sikujua kama chumvi ndo inaishika hamira isipande kichwani, niliijua kama ladha tu, basi donge likaumuka likagusa mfuniko, likafunika kile kioo cha kuchungulia, afu likaanguka katikati na pembeni likamwagikia kwenye koili. Harufu ya unga ulioungua ilikaa jikoni siku mbili na kila nikiwasha mashine inarudi.

Wa nne nasimulia kwa aibu. Nilisahau kuweka kile kibawa cha kukandia. Yaani niliweka maji, mafuta, unga, hamira juu kabisa, nikafunga, nikasikia mota inazunguka vizuri sana, kimya hata kuliko siku zote, nikajisemea leo imekubali. Baada ya saa tatu na nusu nafungua nakuta unga umekaa kama mlima, juu mkavu wa rangi ya vumbi, katikati uji, chini umeungua. Mashine haijui kama kibawa kipo au hakipo, yenyewe inazungusha tu. Kwenye daftari mkate huo umeandikwa "namba 9, hakuna aliyekula".

Haya, kuchagua mashine. Ya kwanza nilinunua iliyotumika, na kilichonivutia ni maandishi kwamba ina programu 19. Kumi na tisa! Nilizotumia ni tatu: mkate wa kawaida, mkate wa unga usiokobolewa, na ile ya kukanda tu bila kuchoma. Ile ya jamu nilijaribu mara moja nikakoma. Kwa hiyo wingi wa programu ni pambo, usilipie pambo. Ile ya kukanda tu ndo dhahabu, saa moja na nusu unapewa donge laini limeshaumuka, unafanya skonzi, unafanya piza, unachoma unavyotaka wewe kwenye oveni, na mikono yako haijagusa kitu.

Nilichopaswa kuangalia ni sufuria yake na hicho kibawa. Siku hizi nikikutana na mashine dukani naingiza mkono ndani ya sufuria napapasa kuta, wahudumu wananishangaa. Natafuta zile mbavu, matuta yanayotokeza pembeni. Hizo mbavu zina hadithi. Wahandisi wa Matsushita, kampuni ambayo siku hizi inaitwa Panasonic, kule Japani, miaka ya 1980, walikuwa wanahangaika na mashine yao, mkate unaungua nje ndani mbichi, hawaelewi. Mmoja wao, Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa Osaka International Hotel, akamtazama mikono, akagundua kwamba yule hakandi tu, analivuta donge huku analisokota. Waliporudi wakaweka mbavu ndani ya sufuria ili donge lishikwe pembeni wakati kibawa kinalizungusha, livutike kama mikononi mwa mtu, na mwaka 1987 mashine ikaingia sokoni. Sufuria yenye kuta laini kabisa donge linazunguka na kibawa tu kama mpira, halikandwi.

Umbo la sufuria nalo. Iliyosimama yenye kibawa kimoja inakanda vizuri na haiachi unga kwenye kona, ila inakupa mkate mrefu kama mnara wenye shimo chini. Iliyolala yenye vibawa viwili inakupa mkate wa umbo tulilozoea, slesi zinaenea kwenye tosta, ila una mashimo mawili na usipochungulia mwanzoni unga mkavu unabaki kwenye kona. Kuna mashine ambazo kibawa kinajikunja chenyewe kabla ya kuchoma, shimo linakuwa dogo sana, kama pesa inaruhusu mimi nalipia hiyo. Kama hairuhusu, subiri ule mkando wa mwisho uishe, nyoosha mkono toa kibawa, rudisha donge. Kibawa kikibaki ndani ya mkate usichomoe kwa kisu, utaikwaruza ile rangi nyeusi isiyoganda. Kingine, ukikata mkate hakikisha kibawa kimeshatoka, mimi nimewahi kumwekea mtoto slesi yenye chuma ndani akaniletea sahani kwa upole kabisa, "hii yako".

Kilichoiua mashine yangu ya kwanza ndo nataka ukikumbuke. Mota ilikuwa nzima, koili zima, vitufe vyote vinabonyeka. Ila chini ya sufuria, pale mhimili unapopita, kuna mpira mdogo wa kuzuia maji usivuje. Ukachoka. Maji yakaanza kuchuruzika, kidogo kidogo, nikadhani nimemwaga mimi, afu rangi ya ndani nayo ikaanza kubanduka vipande vipande. Nikatafuta sufuria ya spea, hakuna. Kibawa hakuna. Niliwaandikia watengenezaji, wakanijibu kwa adabu kwamba toleo hilo wameshaacha kulitengenezea vipuri. Kwa hiyo mashine nzima ikafa kwa ajili ya kipande cha mpira ukubwa wa kitufe cha shati! Tangu hapo kabla sijauliza bei ya mashine nauliza bei ya sufuria na kibawa chake, na kama muuzaji anajikuna kichwa naondoka.

Vingine nipite haraka. Ukubwa, chukua inayofika kilo moja hata kama mko wachache, unaweza kuoka mdogo kwenye kubwa ila kinyume chake haiwezekani. Taima ni tamu, unaamka na harufu, ila usiache maziwa wala mayai humo usiku kucha, na hamira ikae juu ya unga mkavu isiguse maji mpaka mashine ianze. Uliza kama inakumbuka ilipofika umeme ukikatika, nyingi zinavumilia dakika chache tu, zikipita hapo inaanza upya kama vile hamjawahi kuonana. Na kelele, jamani, ukitaka kuiweka karibu na chumba cha kulala isikilize kwanza ikikanda.

Na hata ukiwa na mashine nzuri, dakika kumi baada ya kuanza fungua mfuniko uangalie. Unataka donge moja, laini kama ncha ya sikio, linanata kidogo kidoleni na kuachia. Likiwa uji ongeza kijiko cha unga, likigonga gonga kuta kama jiwe ongeza kijiko cha maji. Kwa unga usiokobolewa maji yanahitajika mengi zaidi, usiogope.

Turudi kwenye daftari, maana ndo lililonitia aibu. Zamani tulikuwa tunanunua mikate mitatu mikubwa ya gramu 800 kwa wiki. Mkate wangu, ukiweka kila kitu isipokuwa mashine yenyewe, ulinitoka kwa karibu nusu ya bei ya dukani kwa kilo. Mashine niliinunua kwa pesa ya mikate 70 ya dukani, kwa hiyo nikipata faida ya nusu mkate kila nikioka, mkate wa 140 ndo unarudisha pesa. Nilifika 140 nikamwita mwenzangu kwa mbwembwe zote. Akachukua daftari, akapekua kurasa, akauliza swali moja tu, "wiki hii umeoka mingapi?"

Sita.

Yaani bei imeshuka nusu na sisi tumekula mara mbili. Pesa inayotoka kwa wiki ni ile ile! Mkate wa moto hauna adabu, ukitoka tu watu wanatokea kutoka vyumbani, unakatwa bado una mvuke (ungesubiri upoe ungekatika vizuri, najua), na nusu imeshaisha kabla ya jua kuzama. Afu akaongeza safu nyingine pembeni kwa kalamu ile ile, akaandika "SIAGI". Hiyo safu sitaki kuizungumzia.

Kingine kinachokula faida ni mkate unaokauka. Huu wa nyumbani hauna vile vilainishi vya kiwandani, siku ya tatu umeshakuwa mgumu. Nilikuwa nauweka kwenye friji nikidhani nauokoa, kumbe baridi ya friji ndo inaukausha haraka zaidi, wanga wa mkate unajikaza kwenye ubaridi. Sasa ukipoa kabisa naukata wote, slesi zinaenda kwenye friza, asubuhi zinatoka moja moja na kuingia kwenye tosta. Tangu nianze hivyo sijatupa mkate, na tumeshuka mpaka minne kwa wiki kwa sababu mkate ulioganda hauiti watu kwa harufu.

Kwa hiyo kama kwenu mnakula mkate mmoja kwa wiki achana nayo, nunua dukani, haitajilipa mpaka mpira wake uchoke. Kama mnakula minne mitano, au kuna mtu hapo anahitaji mkate usio na chumvi nyingi au wenye nafaka ambao dukani bei yake inatisha, hapo hesabu inakubali haraka sana.

Ya pili nimenunua mpya, ina sufuria yenye mbavu, kibawa kinachojikunja, programu 12, na spea zake nimeziona rafuni kwa macho yangu. Nimelipa pesa ya mikate 110. Juzi nimeandika mkate wa 31 wa mashine hii, chini yake kuna mwandiko wa mtoto: "kibawa kimo? NDIO nimeangalia".