Nilivyoimarisha Shingo Yangu kwa Ajili ya Ngumi

Bondia anayepigwa kidevuni haanguki kwa sababu mfupa wa taya lake ni laini. Kidevu kiko mbali na pingili za shingo, kwa hiyo ngumi ya pembeni inayotua hapo hukizungusha kichwa ghafla, na ubongo, ambao hauendi sambamba na fuvu, hutikisika kiasi cha kumpotezea mtu fahamu. Kocha wangu hapa Chang'ombe, Dodoma, alinieleza jambo hilo kabla hajaniruhusu kupanda ulingoni, akaniagiza nianze na shingo.

Tulianza bila kifaa chochote. Niliweka kiganja kwenye paji la uso, nikakisukuma kwa kichwa huku mkono ukikataa kusogea kwa sekunde kama 10, kisha nikafanya vivyo hivyo kisogoni na pande zote mbili. Misuli ilipozoea, nililala chali kwenye benchi, kichwa kikiwa nje ya ukingo na sahani ya chuma ya kilo 2.5 ikiwa juu ya taulo lililokunjwa pajini, nikawa navuta kidevu kuelekea kifuani polepole na kukirudisha polepole zaidi. Kwa pande za kushoto na kulia tulitumia tyubu ya baiskeli iliyofungwa nguzoni, na zoezi hilo ndilo ninalolithamini kuliko yote. Akina mama wa vijijini kwetu wanaobeba ndoo za maji kichwani wana shingo imara ajabu, lakini mzigo ule hukandamiza kutoka juu, ilhali bondia anahitaji pia kuzuia msokoto.

Kwa upande wa taya sikufanya mengi. Wapo wenzangu wanaotafuna bigijii muda mrefu ili misuli ya mashavu inenepe. Mimi siwashauri, maana kiungo cha taya kilicho mbele ya sikio kikichoshwa huanza kulia na kuuma. Kilichonisaidia ni kuuma vizuri kinga ya meno, kupumua kwa pua na kuficha kidevu nyuma ya bega, kwa kuwa taya lililoachwa wazi huvunjika kwa urahisi.

Daraja la wanamieleka, yaani kuupinda mwili kama upinde huku umeegemea kichwa na miguu, ambalo bondia Mike Tyson alijulikana nalo, kocha alinikatalia kabisa. "Mdogo wangu, hapo uzito wa mwili unaangukia pingili zikiwa zimepinda," aliniambia, nami nimeridhika na uamuzi wake. Aliniagiza pia kwamba nikihisi ganzi mikononi au kizunguzungu, niache papo hapo na kumwona daktari.

Siku hizi nikipigwa ngumi ya pembeni kichwa hakiyumbi kama zamani, na macho hayampotezi mpinzani. Mazoezi haya nayafanya mara mbili au tatu kwa wiki, baada ya kupigana na wenzangu na kamwe si kabla, kwa kuwa shingo iliyokwisha kuchoka haiwezi kukizuia kichwa.