Siku yangu ya kulinda pointi moja, Monastir

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi

Nimeamka kabla simu haijalia. Mwenzangu wa chumba, Mrundi, bado amelala fofofo. Tunagawana chumba kwa sababu kila mmoja akichukua chake, fedha zetu zitakwisha kabla ya wiki. Hapa Monastir, pwani ya Tunisia, mashindano ya tenisi ya daraja la M15, la chini kabisa la wanaume wa kulipwa, huchezwa karibu kila wiki ya mwaka. Wachezaji wa hali yetu tunakuja tukakaa wiki tatu nne mfululizo, maana nauli ya ndege ndiyo inayotuua.

Leo ni Jumatano, raundi ya kwanza ya droo kuu. Jumapili na Jumatatu nilikuwa kwenye mchujo, ambao hauna pointi hata moja. Mwaka jana, wiki kama hii, nilishinda mechi moja nikapata pointi moja ya ATP, yaani za orodha ya ubora ya wanaume wa kulipwa duniani. Pointi huishi wiki 52, kisha hufutwa. Yangu inafutwa Jumatatu ijayo. Ninazo saba kwa jumla, na huku nje ya wachezaji 1,000 bora, ukipoteza moja unapitwa na watu usiowahi hata kuwasikia.

Saa moja

Ratiba imebandikwa: mechi ya tatu, uwanja wa 6. Saa haikuandikwa. Mechi mbili za kwanza zikiisha haraka, naingia saa sita. Zikivutana, saa tisa. Basi chakula nakila kwa kubahatisha: mayai mawili, mkate, na ndizi mbili natia begini.

Mhudumu wa mezani ananiuliza kila asubuhi kama nimewahi kumwona Ons Jabeur, mchezaji tenisi wao. Ons alizaliwa Ksar Hellal, si mbali na hapa, akafika fainali ya Wimbledon 2022 na 2023. Mzee huyu akimtaja, uso wote unang'aa. Nami humweleza habari za Angella Okutoyi wetu wa Kenya, aliyetwaa Wimbledon ya vijana kwa wawili wawili mwaka 2022.

Saa mbili

Kufunga nyuzi za raketi ndiyo kazi yangu ya pili, na bila hiyo, ya kwanza ingekufa. Baba aliokota mipira kwenye klabu moja ya Mombasa tangu utotoni, akaja kuwa maka, yule mtu wa klabu anayecheza na wanachama kwa ujira. Yeye ndiye aliyenifundisha. Popote niendapo nabeba mashine ndogo ya jiwe la mizani, inaenea ndani ya sanduku pamoja na nguo.

Naifunga raketi mezani, napitisha uzi wa poliesta kwanza kwa wima. Kila uzi naubana, kisha nauachia mkono wa chuma ushuke na jiwe lake. Mkono ukitulia sambamba na meza, mkazo ni kilo 22. Ukisimama juu kidogo au ukipita chini, narudia. Halafu za mlalo, moja juu moja chini kama kusuka mkeka, huku nikizinyoosha kwa ncha za vidole. Baada ya miaka yote hii, ngozi ya kidole cha shahada imekuwa ngumu kama ukucha. Raketi moja hula dakika arubaini na mita kumi na mbili hivi za uzi. Wiki iliyopita niliwafungia wachezaji raketi kumi na moja, dola 10 kila moja. Niliyepoteza raundi ya kwanza wiki hiyohiyo nililipwa dola 156 kabla ya kodi. Hesabu mwenyewe.

Saa tatu u nusu

Mazoezi mafupi, watu wanne uwanja mmoja. Bega liko sawa.

Saa nane na robo mchana

Naitwa. Hakuna waokota mipira wala waamuzi wa mistari. Yuko mwamuzi mmoja kitini na kishikwambi chake, kila pointi akiibonyeza inaruka hadi kwa wacheza kamari duniani kote.

Upepo wa bahari unavuma kutoka kulia. Mpinzani wangu, kijana mrefu wa Ulaya, anaurusha mpira wa sevu, ule wa kuanzisha pointi, juu sana nao unamkimbia. Mimi nimelelewa na kaskazi ya Mombasa, kwa hiyo naurusha chini chini na kuupiga upesi. Hata hivyo seti ya kwanza ananichukulia 6-4, kwa sababu nilikuwa nikiicheza ile pointi ya Jumatatu badala ya mpira ulio mbele yangu. Ya pili nashinda 6-3. Ya tatu tunafika 5-5, miguu imeanza kukaza, ndege inapita juu kuelekea uwanja wa ndege na sote tunasubiri kelele zipite. Hapo nikavuta pumzi. Nikamnyang'anya gemu yake ya sevu, kisha nikailinda yangu. 7-5.

Nimeshinda, nami nimebaki palepale nilipokuwa: pointi moja inaingia, moja inafutwa. Nilikaa kwenye benchi nikafunika uso kwa taulo, nikalia kidogo.

Saa kumi na moja

Foleni ya fizio. Nafungua simu: jumbe kumi na nne za matusi kutoka kwa watu waliomwekea mpinzani wangu fedha. Mmoja ameandika kuhusu mama yangu mambo nisiyoweza kuyarudia. Nahifadhi picha, naripoti, nafuta. Wachezaji wanaoanza, walio chini ya miaka ishirini, huyasoma yote usiku kucha, na hilo linaniuma sana.

Jioni tulicheza wawili wawili na Mrundi. Tumetolewa.

Saa mbili usiku

Mombasa ni saa nne. "Mama, shikamoo." "Marahaba mwanangu. Umekula?" Hakuuliza matokeo mpaka alipoambiwa nimekula wali na samaki. Majirani bado wanamuuliza nitacheza lini Wimbledon. Mwaka 2025 aliyetolewa raundi ya kwanza kule alipata pauni 66,000. Shirikisho la tenisi duniani lilipochunguza mwaka 2013, kati ya wachezaji takriban 14,000, ni wanaume 336 na wanawake 253 tu waliorudisha gharama zao, tena bila kuhesabu kocha. Mama hayo simwambii. Namwambia nimeshinda, naye anapiga kigelegele simuni.

Kesho Alhamisi ni mwisho wa kujiandikisha kwa mashindano yatakayoanza siku 18 baadaye. Kwa ushindi wa leo nina dola 258 kabla ya kodi. Tukitoa chumba, zinabaki za kubaki hapa wiki mbili zaidi, au za kurudi nyumbani. Nimejiandikisha hapahapa.

Saa tatu u nusu usiku

Mlango unabishwa. Ni Mtaliano nitakayepambana naye kesho, ameshika raketi iliyokatika uzi. Fundi wa mashindano ameshafunga. Anauliza kwa haya kama nitaweza.

"Kilo ngapi?"

"24."

Nikamwonyesha kitanda akae. Nikapima uzi uliobaki kwenye bobini, unatosha raketi mbili: yake na yangu moja. Nikakata, nikapitisha wa kwanza, nikaushusha mkono wa chuma taratibu hadi ukatulia.