Kozi yangu ya video imeanzia kwenye daftari
Mlioniuliza mbona nimepotea, niko naandaa kozi ya video ya kushona kwa wanaoanza kabisa na kazi hii naipenda kweli. Kamera bado sijaigusa sana, muda mwingi unaenda kwenye daftari, kila somo naandika kwanza mwanafunzi akimaliza ataweza kufanya nini kwa mikono yake, mfano ataweza kuweka uzi kwenye mashine mwenyewe, halafu ndo nakata vyote visivyomfikisha hapo. Masomo marefu nayagawa vipande vya dakika 5 hadi 7 maana mtu anajifunza huku kashika kitambaa, anasimamisha, anarudisha nyuma, anatafuta sehemu moja tu, ukimpa saa nzima unamchosha bure.

Na sauti jamani, sauti!! Picha ikiwa na ukungu kidogo mtu anavumilia ila sauti ikiwa na mwangwi anafunga. Natumia maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, feni nazima, mapazia mazito nashusha na blanketi natundika nyuma ya kamera, chumba kinatulia kabisa. Simu naifunga kwenye stendi iangalie sindano kutoka juu kwa sababu hapo kinachotakiwa kuonekana ni vidole. Skripti nzima sisomi, naandika pointi tu ili niongee kawaida.

Sasa hivi narekodi somo moja la majaribio, nimpe mtu ambaye hajawahi kushona nimwangalie anavyofuata bila kumsaidia. Nani yuko tayari?